Faida ya Hesabu na Uchunguzi Katika Mambo ya Elimu



Kila mwaka, wakati wa kujaza fomu za hesabu za shule ufikapo, manung'uniko husikika katika afisi nyingi. Mwalimu mkuu hunung'unika kwa sababu fomu ni ndefu na siku ni chache. Karani wa halmashauri hunung'unika kwa sababu fomu zimemfikia zimechelewa, tena jumla ya wavulana na wasichana hailingani na jumla ya wanafunzi. Na wote wawili huulizana swali moja: Karatasi hizi zasomwa na nani? Ndugu kadha wametuletea swali hilo tulijibu katika gazeti letu, nasi twalijibu kwa hiari, maana si swali la uvivu. Mtu apewaye kazi bila kuambiwa faida yake ana haki ya kuuliza.

Jibu letu ni hili. Hesabu zile zasomwa, na kwa hesabu zile waalimu hugawanywa, vitabu hununuliwa, na fedha hupelekwa. Walakini, kama tunavyozikusanya sasa, kazi yake kubwa ni kujibu swali moja: watoto wangapi wameandikwa? Kwa nini mtoto aliyeandikwa hakuja, na kama yule aliyekuja amejifunza neno, hayo fomu haituambii. Maswali hayo mawili yataka uchunguzi. Na uchunguzi huo, kwa maoni yetu, waweza kuanzishwa na sisi wenyewe tulio karibu na daftari, pasipo kungoja mtaalamu kutoka mbali.

Tutwae mfano wa Rukuba, kwa kuwa wanachama wengi wa upande huu wanakijua kisiwa hicho. Rukuba kipo katika Ziwa Viktoria, mbele ya Musoma, na kwa utawala ni kijiji kimoja cha Kata ya Etaro katika Halmashauri ya Wilaya ya Musoma. Riziki ya watu wake yatoka majini. Hesabu ya shule ya kisiwani huvuka maji mpaka bara, hufika kwa Afisa Elimu wa kata, hupanda mpaka halmashauri, kisha mkoani, kisha Dodoma; na kila mahali ipitapo hujumlishwa na hesabu za wengine. Serikali huzipiga chapa hesabu hizo katika kitabu cha takwimu za elimu ya msingi. Mwenye kukifungua kitabu hicho ataona Mkoa wa Mara, ataona na wilaya zake, Bunda, Butiama, Musoma na nyinginezo. Rukuba hataiona. Imeyeyuka kama chumvi katika mchuzi: imo, lakini huwezi kuinyoshea kidole. Si kosa la mtu ye yote. Ndiyo tabia ya jumla. Lakini mtoto wa Rukuba hasomi katika jumla. Asoma katika chumba kimoja, siku moja moja, na mwalimu mmoja, au pasipo mwalimu.

Tazameni jinsi kanuni iliyo ya haki kabisa iwezavyo kupotosha mahali padogo. Kipimo cha Serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Tuseme shule ya kisiwani ina watoto 180 (hesabu hii ni ya mfano tu, si ya shule yo yote tuijuayo). Gawanya kwa 45, wapata waalimu 4. Kwa karatasi, shule hiyo haina upungufu hata kidogo, na afisa aliye mbali atapita upesi kwenda kwenye mstari mwingine. Lakini madarasa ni 7, kuanzia la kwanza hata la saba. Basi kila kipindi madarasa 4 yana mwalimu na madarasa 3 hayana. Shule ya mjini yenye watoto 1,800, kwa kanuni ile ile, yastahili waalimu 40, nayo yaweza kugawa watoto wake katika mikondo 40, kila mkondo na mwalimu wake. (Kwamba kweli hupewa hao 40, hiyo ni habari nyingine.) Kanuni ni moja, gawio ni moja, na watoto wa kisiwani wamekaa peke yao karibu nusu ya siku. Anayetaka kuliona jambo hili hana budi kuongeza safu moja katika karatasi yake: vipindi vingapi wiki hii vilikwenda bila mwalimu? Safu hiyo haihitaji elimu ya chuo kikuu.

Sasa tuje kwenye mahudhurio, ambayo kwetu sisi watu wa ziwani ndiyo kiini cha shida.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu ya jua. Mbalamwezi ikiangaza, dagaa hawaifuati taa sana, na wavuvi hupumzika, hushona nyavu na kuziba mitumbwi iliyovuja. Giza likirudi, mitumbwi hutoka jioni na kurudi alfajiri, na dagaa hawana budi kuanikwa upesi kabla hawajaharibika. Alfajiri hiyo hiyo ndiyo saa ambayo mtoto apaswa kuwa njiani kwenda shule.

Je, watoto wa visiwani hukosa shule zaidi siku za giza kuliko siku za mbalamwezi? Wengi watajibu mara moja, "Naam, jambo hilo ni dhahiri." Sisi hatusemi ndiyo wala siyo. Mambo mengi yaliyo dhahiri, yakihesabiwa, huonekana sivyo yalivyodhaniwa. Huenda wanaokosa ni wale wale kila wakati, giza ama mbalamwezi, kwa sababu nyumbani kwao hakuna chakula cha asubuhi. Huenda ni wasichana wa darasa la tano na kuendelea, kwa sababu ambayo wanaume wa afisini hawakuifikiri. Huenda ni siku za upepo na mawimbi. Huenda pia, na hili tulitaje kwa upole, ni siku ambazo mwalimu mwenyewe amevuka kwenda mjini kwa haja zake, na watoto wamekwisha jua kwamba hayupo.

Daftari la mahudhurio lina Jumatatu mpaka Ijumaa. Mwezi wa angani halijui. Mwezi huandama kila baada ya siku 29 au 30, kwa hiyo siku za giza hazikai mahali pamoja katika kalenda ya afisi. Kila mwaka zasogea siku kumi na moja hivi. Ajumlishaye mahudhurio kwa miezi ya kalenda huchanganya giza na mbalamwezi, hupata wastani, na wastani humwambia kwamba hakuna neno. Na yule ahesabuye siku moja tu katika mwaka aweza kuangukia siku yo yote. Ikiwa ni siku ya mbalamwezi na ziwa limetulia, madawati yatajaa, naye ataandika kwamba watoto wa kisiwa hiki wapenda shule kuliko wote. Ikiwa ni siku ya giza na dagaa ni wengi, ataandika kwamba wazazi wa kisiwa hiki hawaijui thamani ya elimu. Shule ni ile ile, wazazi ni wale wale, na kalamu haikusema uongo.

Kwa nini tunakazana na jambo lionekanalo kuwa dogo? Kwa sababu kila chanzo kina dawa yake, na dawa ya kimoja haiponyi kingine. Kama chanzo ni giza, saa za masomo zaweza kusogezwa siku hizo kwa shauri la wazazi na kibali cha wakubwa, na gharama yake ni ndogo. Kama chanzo ni njaa, wafaa uji wa shule, na saa zikisogezwa mara mia hazitamsaidia mtoto mwenye tumbo tupu. Kama ni mwalimu, basi mwalimu ndiye apaswaye kusaidiwa, kwa nyumba nzuri na kwa njia ya kutimiza haja zake pasipo kuvuka maji siku ya kazi. Lakini pasipo uchunguzi dawa huwa moja tu: mzazi huitwa barazani na kutozwa faini. Mwanamke mjane aanikaye dagaa wa watu ili alishe watoto wanne, akitozwa faini kwa kosa ambalo hakuna aliyelichunguza, hapo ukosefu wa hesabu si upungufu wa afisi tena. Ni dhuluma, na karani aliyeandika hati ya faini ana sehemu yake.

Nguvu ya hesabu na upungufu wake twaijua vema katika nchi hii, na sehemu ya habari hiyo ilitendeka papa hapa Musoma. Mpango wa miaka kumi wa elimu ya Waafrika wa Tanganyika ulitungwa mwaka 1947. Hesabu kubwa ya watu ilifuata mwaka 1948, ikapata Waafrika milioni 7.4 hivi, hali ile ya mwaka 1931 ilikuwa imepata milioni 5 na kidogo. Yaani madarasa yalipangwa kwanza, na watoto wakahesabiwa baadaye. Tusiwacheke sana wakubwa wa zamani. Mkeka huo huo twaukalia hata leo kila tujengapo darasa kabla ya kuuliza.

Mwaka 1934 Julius Nyerere alitoka Butiama akaingia shule ya Mwisenge, Musoma, umri wake ukiwa miaka 12 hivi. Watoto wangapi wa rika lake walibaki na mbuzi? Daftari la shule haliwezi kutujibu, maana aliyebaki nje hakuandikwa. Mtu huyo huyo, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967, alitia hesabu ndani yake: watoto 490,000 hivi katika shule za msingi mwaka 1961, na 825,000 wakati alipoandika, na kidato cha sita mwaka ule wa 1961 kilikuwa na wanafunzi 176 tu katika nchi nzima. Hakuzitia kwa pambo. Zilikuwa ndizo hoja: kwa kuwa ni wachache mno waliopata nafasi ya sekondari, haikufaa shule ya msingi ifundishe kana kwamba wote wataendelea. Ukiziondoa hesabu hizo, hoja yote yabaki kuwa maoni ya mtu.

Kisha, mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba katika miaka mitatu kila mtoto wa umri wa shule apate elimu ya msingi. Hilo ndilo Azimio la Musoma. Mwaka ule watoto waliokuwa shuleni walikuwa milioni 1.2 hivi, kabla ya miaka kumi kupita walizidi milioni 3. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa makumi ya maelfu, wakafundishwa ualimu huku wakifanya kazi. Wazazi walijenga madarasa kwa mikono yao. Kwa kipimo cha kuandikisha lilikuwa jambo kubwa, na mtu alidharauye hatutamsikiliza. Wengi wetu tusingekuwa na wazazi wajuao kusoma pasipo azimio hilo. Lakini kipimo kilikuwa kuandikisha. Kama mtoto amejua kusoma au hakujua, hilo halikuwa na safu yake katika fomu.

Miaka mingi ilipita kabla safu hiyo haijatafutwa kwa bidii. Mwaka 2010 watu wa Uwezo walifanya uchunguzi wao katika Tanzania bara. Waliokwenda hawakuwa maprofesa, bali watu wa kujitolea, wala hawakuchukua mitambo. Walipita nyumba kwa nyumba na karatasi yenye hadithi fupi ya kiasi cha darasa la pili, wakamwambia mtoto, "Soma." Katika watoto wa darasa la tatu, ni kama mmoja kati ya watatu aliyeweza kuisoma hadithi ya Kiswahili. Katika wale waliofika darasa la saba, mmoja kati ya watano hakuweza. Watoto hao walikuwa wameandikwa shuleni na kuhesabiwa pamoja na wenzao, na fomu zao zilipanda mpaka juu. Kumbe twalikuwa tunahesabu vikapu, wala hatukufunua kuona kama vina samaki.

Yatupasa pia kusema neno la uaminifu, kwa kuwa hesabu ikishikamana na fedha hujaribiwa. Huko Uingereza, tangu mwaka 1862, Serikali iliamua kulipa shule kwa kadiri ya mahudhurio na ya watoto walioshinda mtihani wa mkaguzi. Yaliyofuata mtu mzima angeweza kuyabashiri: watoto wagonjwa waliletwa siku ya mkaguzi, na madaftari mengine yakatiwa alama za watoto wasiokuwapo. Desturi hiyo iliachwa kabla ya karne ile kwisha. Hapa kwetu, tangu Januari 2016, ada iliondolewa hata kidato cha nne, na ruzuku hupelekwa shuleni kwa hesabu ya wanafunzi. Ukaguzi ulipofanywa mwaka ule ule, walionekana wanafunzi hewa kwa makumi ya maelfu, majina pasipo miili. Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la uongo ni baya zaidi, maana huipoteza mali na papo hapo hutoa habari kwamba ipo.

Wala tusiwaone wajinga wazee wachukiao kuhesabiwa watoto wao. Mfalme Daudi aliwahesabu watu wake, na tauni ikaingia katika nchi. Babu zetu walihesabiwa vibanda, na kilichofuata ni kodi. Mtu aliyehesabiwa mara nyingi bila kuona faida ana sababu ya kuficha. Na hapa twaona kasoro iliyo kubwa kuliko zote katika taratibu zetu: hesabu hupanda, hazishuki. Mwalimu wa kisiwani hupeleka tarakimu zake kila mwaka, na hapati hata karatasi moja ya kumwonyesha jinsi shule yake ilivyo mbele ya shule nyingine za kata. Mkoa wa Mara ulikuwa na watu 1,743,830 mwaka 2012, na 2,372,015 mwaka 2022, yaani zaidi ya laki sita wameongezeka katika miaka kumi. Ni kamati ngapi za shule zilizokwisha kuambiwa sehemu yao katika laki sita hizo? Hali zahanati ina kitabu cha chanjo, na watoto waliochanjwa mwaka huu ndio watakaobisha hodi darasa la kwanza baada ya miaka sita hivi. Vitabu hivyo viwili vyaweza kukaa katika kijiji kimoja, nusu saa kwa miguu, wala visijuane maisha yote. Karani mmoja mwenye kalamu aweza kuvikutanisha kwa asubuhi moja, akaiambia kamati ya shule ni madawati mangapi yatakayotakiwa, kabla watoto hawajaketi sakafuni.

Kwa hiyo Kamati ya tawi imekubali jambo moja lililo dogo na liwezekanalo. Kuanzia mwezi utakaoandama baada ya gazeti hili kutoka, kwa miezi mitatu ya mwandamo, wanachama wafanyao kazi karibu na shule za visiwani na za mwaloni waombwa kuweka karatasi ya kila siku yenye safu hizi tu: tarehe, giza au mbalamwezi, wavulana waliokuwapo, wasichana waliokuwapo, waalimu waliokuwapo, vipindi vilivyokwenda bila mwalimu, hali ya ziwa. Jina la mtoto lisiandikwe, wala jina la mwalimu. Siku ambayo hakuna aliyehesabu iachwe wazi. Asiwepo mtu wa kuijaza kwa kukisia ili karatasi ipendeze. Mwalimu mkuu aombwe ruhusa kwanza, na Afisa Elimu apelekewe barua. Nakala ya barua hiyo Katibu anayo. Matokeo yatasomwa kwanza mbele ya wazazi na kamati ya shule iliyohesabiwa, ndipo yaende juu. Mtu asiyapeleke magazetini kwa haraka, kwa kuwa kutangaza takwimu kuna taratibu zake katika Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 na marekebisho yake ya 2018 na 2019, nasi hatupendi kazi njema iharibike kwa kosa la njia.

Ndugu mmoja katika Kamati aliuliza, je, miezi mitatu yatosha? Haitoshi kusema neno la mwisho, hasa kwa kuwa majira ya upepo hubadilika katika mwaka. Yatosha kutuonyesha kama kuna jambo la kufuatwa, na kama halipo tutasema halipo, tena kwa herufi kubwa zile zile.

Karatasi za mistari zimekwisha kurudufiwa kwa mashine hii ya gazeti, nazo zapatikana kwa Katibu wa tawi bila malipo. Wino wa mashine ni hafifu mwezi huu. Atakayepokea karatasi isiyosomeka airudishe apewe nyingine. Walio visiwani watume neno kwa mashua, nasi tutawapelekea za kutosha miezi yote mitatu kwa mara moja, wasije wakakwama ziwa likichafuka.

MHARIRI